Nimechapa riwaya nakala 1,000, zimebaki 607 chini ya kitanda. Kitabu kinakwamia wapi hapa Dar?

#1 Mama Riwaya
Habari zenu wakuu. Kuna jambo limenikaa kooni, naomba tulijadili kwa uzito wake.

Mwaka 2023 nilichapa riwaya yangu ya kwanza, kurasa 176, nakala 1,000. Kila nakala ilinigharimu 4,200 kuchapa. Mhariri nilimlipa 400,000, mchoraji wa jalada 150,000. Jumla 4,750,000, na zaidi ya nusu ilikuwa mkopo wa kikoba. Bei nikaweka 10,000.

Juzi nimekaa chini nikahesabu upya. Nimeuza kwa mkono wangu 212, nimegawa 21, na maduka matano yalichukua 160 kwa mali kauli. Zilizobaki ni 607, zimejaa chini ya kitanda hapa Tabata, na mvua za masika zimenilowanishia maboksi mawili. Kwenye zile 160 nimelipwa nakala 38 tu. Duka moja sasa linauza makava ya simu. Jingine lilihama bila kuniambia, na wiki mbili baadaye nikakikuta kitabu changu kwenye turubai pale Posta, shilingi 2,000, kikiwa bado na kile kikaratasi cha bei nilichokiandika kwa kalamu nyekundu mimi mwenyewe.

Kila ninayemweleza ananijibu "Watanzania hawasomi". Siamini. Waliosoma wananipigia simu wanauliza sehemu ya pili iko wapi. Wenye uzoefu naomba mniambie: kinakwamia kwa mchapaji, dukani, au kwa msomaji?

#2 Kijana wa Kimara
Pole dada, ila ukweli uko hapohapo unapoukataa. Panda mwendokasi Kimara mpaka Kivukoni uhesabu wenye kitabu mkononi. Mimi napanda kila siku, nikiona watatu kwa wiki ni wengi, na wawili kati yao wameshika Biblia au Kurani. Elfu kumi ya kitabu mtu anaona bora anunue bando.

#3 Meza ya Posta
Mimi ni mmoja wa hao wa turubai, nauza vitabu vya mtumba Posta mwaka wa kumi na moja sasa. Pole sana dada. Nitaangalia kwa wenzangu kama kuna nakala zako zimebaki.

Kijana wa Kimara, mimi nakula kwa vitabu. Nasomesha watoto wawili kwa vitabu. Ungekuja usimame kwenye meza yangu saa kumi na moja jioni, watu wanapotoka kazini, usingesema hivyo. Mzee anakuja anaulizia riwaya ya upelelezi aliyoisoma akiwa kidato cha pili, haijachapwa tena miaka na miaka. Nikiipata, hata kama jalada limechanika na kurasa za mwisho zimeshonwa kwa uzi, namuuzia 25,000 na anaondoka anacheka. Mtu asiyesoma hatoi 25,000 kwa kitabu kilichochanika. Tatizo ni kwamba anachokitaka hakipo.

#4 Mchapaji wa Keko
Nina mashine Keko, nijibu upande wangu. 4,200 kwa kurasa 176 haukuibiwa. Kwa nakala 1,000, kinachokula hela ni karatasi. Karatasi ya kuchapia vitabu tunaagiza nje, tunalipia dola, na 2023 hiyohiyo uliyochapa dola ilikuwa haishikiki. Kuna wiki nilipiga bei ya kazi Jumatatu, Ijumaa muuza karatasi akaniambia bei imepanda, nikafanya kazi ya watu bila faida kwa sababu neno nilishalitoa.

Kosa lako, naomba usinielewe vibaya, ni kuchapa 1,000. Kitabu cha kwanza chapa 100. Kwa mashine ya dijito kila nakala itapanda bei, labda 6,500, lakini hulali juu ya milioni mbili na nusu.

#5 Mzalendo wa Iringa
Aibu kubwa hii. Tunacho kiwanda cha karatasi Mgololo, Mufindi, misitu imejaa, halafu tunaagiza karatasi nje! Serikali iwaamuru watoe karatasi ya vitabu tumalize.

#6 Mchapaji wa Keko
Mkuu #5, kile kiwanda enzi za Southern Paper Mills kilikuwa kinatoa karatasi za kuandikia na kuchapia kweli, kilianza miaka ya themanini. Kilibinafsishwa miaka ya 2000 mwanzoni na sasa wanatengeneza karatasi ngumu ya kaki, ile ya mifuko ya saruji na vifungashio. Huwezi kuchapa riwaya kwenye mfuko wa saruji. Natamani kirudi kama zamani, ila amri peke yake haiwezi kubadilisha mitambo.

#7 Binti Steshenari
Samahani wakuu, kuna mtu atagusa suala la kudurufu au mimi ndiye nianze?

Nilifanya kazi kwenye steshenari karibu na chuo miaka mitatu. Msimu wa kufungua semesta, mwanafunzi mmoja analeta kitabu cha mwalimu wao, bei yake dukani 18,000. Kurasa 180. Unakifungua wazi juu ya kioo, kurasa mbili zinatoka upande mmoja, pande 90 mara shilingi 50, ni 4,500. Kubana kwa springi 1,000. Ana kitabu kwa 5,500. Akitoka anakuja mwenzake: "Kile cha fulani mmekihifadhi?" Tunacho kwenye kompyuta. Kwa wiki moja nimewahi kutoa nakala 60 za kitabu kimoja, mashine imepata joto mpaka karatasi zinatoka zimejikunja, na mwandishi wake alipita mlangoni kwetu kila asubuhi akienda kufundisha. Alikuwa ananisalimia vizuri. Nimeacha ile kazi lakini lile jambo bado linaniuma.

#8 Kijana wa Kimara
Sheria ipo lakini? Au mtu yeyote anadurufu tu?

#9 Mhariri wa Zamani
Ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, iliundwa kwa sheria hiyohiyo. Haki ya mwandishi inalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kudurufu kurasa chache kwa kujisomea ni jambo jingine, ila nakala 60 za kuuza ni wizi. Shida ni nani ataingia steshenari hadi steshenari.

Ila wanafunzi nao tuwaangalie. Wa #7 amesema dukani ni 18,000. Mwanafunzi anayekula mlo mmoja atazitoa wapi?

#10 Duka la Kona
Nimesoma yote kimya, sasa naomba nami nisikilizwe, maana wauza vitabu tumeshahukumiwa.

Nina duka maeneo ya Ilala. Mwenye fremu anataka kodi ya miezi sita mbele. Kinacholipa kodi ile ni daftari, kalamu na sare za Januari. Vitabu ni rafu mbili nyuma. Mwandishi anakuja na begi, ananiachia nakala 30 kwa mali kauli, namwandikia kwenye daftari, anaondoka. Hana hati ya kupelekea mzigo, hana stakabadhi, namba aliyoacha baada ya mwaka haipatikani. Nina vitabu hapa vya waandishi wanne ambao nimewatafuta niwape hela zao sijawapata.

Halafu wateja hawajui kama kitabu kipo. Hakuna gazeti lenye ukurasa wa vitabu siku hizi unaomleta mtu dukani. Mteja anakuja na karatasi ya shule: kitabu fulani, mwandishi fulani, kidato cha tatu. Ukikosa kile hanunui kingine.

Mama Riwaya, aliyekuuzia vitabu kwa watu wa Posta amekudhulumu, sina namna ya kumtetea.

#11 Mama Riwaya
Asante Duka la Kona. Hati nilikuwa nazo, zimepigwa mihuri, kila duka. Duka lenyewe sitalitaja, nimeshamwachia Mungu. Ila hesabu yenu nayo tuiseme wazi: mnachukua asilimia 40. Kwenye 10,000 mimi napata 6,000, nikitoa 4,200 ya kuchapa nabaki na 1,800, na hapo mhariri na nauli bado.

#12 Duka la Kona
Kweli, 40. Wengine tunachukua 30. Nayo ukitoa kodi, umeme na binti wa dukani haibaki kitu.

#13 Mwalimu Chanika
Habari za jioni. Mnazungumzia riwaya, ila soko la vitabu nchi hii ni shule, na hapo ndipo mfupa ulipokwama.

Baada ya soko kufunguliwa miaka ya tisini, wachapishaji binafsi waliishi kwa vitabu vya kiada. Riwaya na vitabu vya watoto vilibebwa na faida ya hesabu na jiografia. Mwaka 2013 kamati ya EMAC iliyokuwa inaidhinisha vitabu ikavunjwa, na kazi ya kuandaa vitabu vya kiada ikarudi Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Sasa mchapishaji amebaki na vitabu vya ziada, ambavyo shule haina fungu la kuvinunua. Ondoa kiada, nani atathubutu kuchapa riwaya ya mtu asiyejulikana? Ndiyo maana Mama Riwaya amejichapia mwenyewe kwa hela ya kikoba.

#14 Mzazi Mbagala
Mwalimu, mimi kama mzazi naona heri hivyo. Zamani shule hii kitabu hiki, shule ile kile, ukihamisha mtoto unanunua upya. Na vingine vilikuwa na makosa ya aibu. Sasa kitabu ni kimoja na kwenye maktaba mtandao ya TET mtoto anakisoma bure.

#15 Mwalimu Chanika
Mama, nakubali makosa yalikuwepo. Lakini kitabu kimoja kikikosea, nchi nzima imekosea. Na bure ya mtandaoni inahitaji simu na bando. Darasani kwangu wanafunzi 94, vitabu vya Kiswahili 31. Watatu watatu kwenye dawati, wa katikati ndiye anayesoma, wa pembeni wanaona maandishi kwa ubavu.

#16 Mhariri wa Zamani
Mwalimu amesema kweli ila amesahau stoo. Nilikuwa kwa mchapishaji mmoja mjini hapa. Mtaala ukibadilika, kila kilichomo stoo kinakuwa karatasi ya kufungia maandazi. Huu mpya ulioanza kutumika Januari 2024, kuna watu wameuza vitabu kwa kilo. Mtu aliyepoteza mtaji hivyo humwambii achape mashairi.

Na niseme lingine ambalo waandishi hawalipendi. Miaka hii miwili nimeletewa vitabu zaidi ya ishirini vilivyojichapisha ili "nivipitie" baada ya kuchapwa. Kimoja mhusika anaitwa Zuhura mpaka sura ya nne, kuanzia ya tano ni Zulfa, bila sababu. Msomaji akinunua kitabu hicho kwa 10,000 harudi tena, na anayefuata kulipia gharama ni Mama Riwaya ambaye alimlipa mhariri wake.

#17 Hadithi Kiganjani
Namrudia #2 na mwendokasi wake. Yule aliyeinamia simu umejuaje kwamba hasomi? Inawezekana anasoma hadithi yangu.

Naandika kwa vipande kwenye makundi ya WhatsApp tangu 2019. Sehemu kumi za kwanza bure, kuanzia ya kumi na moja unalipia 1,000 kwa simu unawekwa kundi la ndani. Hadithi ya mwisho walilipa 340. Hiyo ni 340,000, sikuchapa karatasi hata moja wala sikumpa mtu asilimia 40. Ni kama zile hadithi za magazetini tulizokuwa tunazisubiri kila wiki, ila sasa gazeti ni kundi.

Kero yangu ni moja: sehemu ya kumi na moja nikiituma saa mbili usiku, saa mbili na nusu ipo kundi jingine bure, jina langu limefutwa.

#18 Mhariri wa Zamani
Hongera, ila hicho si kitabu. Hakina ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, hakipo maktaba, mwaka 2050 mjukuu wako atakisoma wapi?

#19 Hadithi Kiganjani
Mzee wangu, kwa heshima yote, na hicho kilicho chini ya kitanda Tabata mjukuu atakisoma wapi?

#20 Mhariri wa Zamani
Hicho kikilowa chote, nakala iliyowekwa Maktaba Kuu pale Bibi Titi itabaki. Mama Riwaya, ulichukua ISBN?

#21 Mama Riwaya
Nilichukua, ile inayoanza 978 9976. Bodi ya Huduma za Maktaba hawakunisumbua, na nakala zao niliwapelekea. Namshukuru Mungu kwa hilo. Ila Hadithi Kiganjani amenigusa, kwa hela ya mfukoni amenizidi mbali.

#22 Mjukuu wa Upanga
Mnasahau tulikotoka. Pale Samora duka la TPH (Tanzania Publishing House) lililojengwa na Mkuki na Nyota ndilo lililotoa kitabu cha Walter Rodney, ulimwengu mzima ukakisoma. Dar ilikuwa mji wa vitabu.

#23 Mhariri wa Zamani
Mpangilio kidogo mkuu. Tanzania Publishing House ilianzishwa 1966, shirika la umma. Kitabu cha Rodney kuhusu Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka 1972, TPH kwa kushirikiana na Bogle-L'Ouverture ya London. Mkuki na Nyota ilikuja 1991, ikianzishwa na Walter Bgoya baada ya kuiongoza TPH miaka mingi. Duka la Samora limebaki na jina la TPH, ndiyo chanzo cha mchanganyiko.

#24 Mjukuu wa Upanga
Asante mzee, nimerekebishika. Ila hoja yangu iko palepale: mji ulichapa kitabu kilichotikisa dunia, leo tunabishana wapi pa kununua riwaya.

Ngoja niseme lililonikera. Mwandishi Abdulrazak Gurnah alipopata Nobel ya fasihi 2021 nilizunguka maduka matatu mjini kutafuta kitabu chake, chochote. Sikupata. Mtoto wa Zanzibar! Ilibidi nisubiri hadi 2022 ilipotoka Peponi, tafsiri ya riwaya yake, ndiyo nikamsoma, tena kwa Kiswahili kilichonyooka, nikamsomea na mama yangu jioni tatu mfululizo. Mama ana miaka 71, Kiingereza hajui, akawa ananiuliza "kisha?" kila nikifunga kitabu. Niambieni huyo naye hasomi.

#25 Mwanampanda
Mnalalamika na mnaishi Dar! Huku Mpanda duka la vitabu ni steshenari yenye atlasi mbili na vitabu vya mitihani. Nimesoma uzi wote nangoja mtu aseme neno "msambazaji", hakuna. Soda inafika kijiji kisicho na barabara. Vocha ilifika. Kwa nini kitabu hakifiki? Kwa sababu soda ina mtu ambaye kazi yake ni kuifikisha tu. Kitabu anakiandika Mama Riwaya, anakiuza Mama Riwaya, anakibeba begani Mama Riwaya.

#26 Mchapaji wa Keko
Mwanampanda, soda inauzwa kila siku kwa mtu yuleyule. Kitabu ukimuuzia mtu umemaliza. Gari la kusambaza vitabu vya 10,000 nchi nzima mafuta yake nani analipa?

#27 Mwanampanda
Lisiwe gari. Mabasi yapo. Mimi naletewa spea za pikipiki kwa basi kila wiki.

#28 Mama Riwaya
Mwanampanda, ndivyo nilivyouza zile 212, karibu nusu zimekwenda mikoani. Nalala nimezifunga kwa gazeti na nailoni, alfajiri naenda Mbezi stendi ya Magufuli, namkabidhi mtu wa vifurushi, nampigia mteja namba ya basi. Kifurushi cha nakala moja ni 5,000, nusu ya bei ya kitabu. Mteja akisikia jumla 15,000 wengi wananiambia "nitakutafuta".

#29 Kijana wa Kimara
Hapo sasa nimekuelewa dada. Mtu wa Mpanda siyo kwamba hasomi, anasoma kwa 15,000. Ila bado nasema wa Kimara hasomi.

#30 Mzazi Mbagala
Na tuzo je? Ile ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu mshindi anapata milioni 10, na walisema vitabu vya washindi vitachapwa na kupelekwa shuleni. Mama Riwaya si upeleke mswada?

#31 Mwalimu Chanika
Tuzo ni jambo jema, naiunga mkono kwa moyo wote, toka ilipotolewa mara ya kwanza Aprili 2023 nina wanafunzi watatu wanaandika mashairi kwa sababu yake. Ila tuzo inawainua wachache. Nikumbushe mpango mwingine: Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza 1991. Wao walikuwa wanamnunulia mchapishaji sehemu kubwa ya nakala kabla hata kitabu hakijaingia sokoni, wanazipeleka shuleni. Mchapishaji analala usingizi kwa kuwa mtaji umesharudi. Vitabu vile ndivyo vilivyonifundisha kusoma. Maktaba za shule zikiahidiwa nakala 300 tu za kila kitabu kizuri cha Kiswahili, mtu kama Mama Riwaya asingekopa kikoba.

#32 Duka la Kona
Mwalimu, na sisi wa maduka tutauza kwa nani kama shule zinapewa?

#33 Mwalimu Chanika
Mtoto aliyesoma kimoja shuleni atakuja kwako kutafuta cha pili.

#34 Duka la Kona
Miaka kumi baadaye. Kodi yangu ni Julai.

#35 Mchapaji wa Keko
Mama Riwaya, yale maboksi yaliyolowa, fungua leo usingoje. Zilizolowa pembeni tu zisimamishe wima, kurasa wazi kama feni, kwenye upepo, siyo juani maana gundi itaachia. Zikishakauka zibane chini ya kitu kizito siku mbili. Ukija nazo Keko nitazikata kingo milimita tatu kwa mashine, zitaonekana mpya. Sitaki hela.

#36 Mama Riwaya
Ubarikiwe kaka. Nimefungua, zilizoharibika kabisa ni 26, nyingine zinafaa. Nitakuja nazo Ijumaa.

#37 Mwanampanda
Nahitaji nakala tano, ndani ya kifurushi kimoja ile 5,000 tutaigawana watu watano. Nitumie lipa namba faraghani.

#38 Meza ya Posta
Dada, nimezunguka kwa wenzangu leo mchana. Zimepatikana nakala 9 zenye kikaratasi chekundu. Jamaa mmoja anasema aliletewa boksi zima na kijana wa dukani, hakujua ni mali ya mtu. Nimezichukua zote kwangu, sijampa mteja yeyote. Nilimlipa 1,500 kila moja, nirudishie hiyo tu.

#39 Mama Riwaya
Sina la kusema kaka yangu. 13,500 nakutumia usiku huu. Nakuja Jumamosi asubuhi, zifunike na nailoni, naona wingu limetanda upande wa bahari.